Kable ya kompyuta: mama, angalia ndani kabla ya kulipa

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya daftari za watoto, maana vikundi viwili vimeniletea swali moja. Hapa Kenya vikundi vya likelemba vinaanza kuweka makuta yao katika kazi mpya: chumba kidogo chenye kompyuta nne au tano na mashine ya kuchapa. Wanafunzi wanatayarisha kazi zao hapo, vijana wanachapisha barua za kuomba kazi, wazazi wanatoa nakala za vyeti. Kazi ni nzuri. Lakini fundi anapoleta karatasi ya bei, mstari mmoja unawasimamisha: "kable, metri 305". Wanauliza: kable si kable tu? Kwa nini moja inauzwa bei kubwa na nyingine bei ndogo, na kwa macho zote ni sawa?

Hazifanani. Ubora wa kable hiyo uko katika vitu viwili: namna waya zake zilivyosokotwa, na chuma kilicho ndani ya waya. Mama anayejua vitu hivyo viwili hahitaji kusoma uhandisi. Atajua kuuliza, na makuta ya kikundi hayatapotea.

Ndani mna nini

Omba fundi akupe kipande cha kable, urefu wa kiganja. Toa ngozi ya plastiki ya juu. Ndani utakuta waya nane nyembamba, unene wa chuma chake kama nusu milimetri. Zimepangwa katika jozi nne. Jozi ya kwanza ina waya wa rangi ya machungwa na mwenzake mweupe wenye mstari wa machungwa. Zinafuata jozi ya kijani, ya bluu na ya kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari. Na kila jozi imesokotwa, waya mmoja juu ya mwingine, mwanzo hadi mwisho wa kable.

Sisi tunaojua kusokota kamba tunadhani msokoto ni wa nguvu, ili isikatike. Hapa sivyo. Waya hizi zimesokotwa ili ujumbe ufike bila kelele.

Kwa nini zimesokotwa

Kila kitu cha umeme kinatupa kelele pembeni yake, hata kama sikio haliisikii. Mashine ya kusaga mahindi inatupa. Taa ndefu za neon zinatupa. Waya wa umeme uliopita ukutani unatupa. Kelele hiyo inaingia ndani ya kila waya ulio karibu, na waya wa kompyuta hauna namna ya kuikataa.

Dawa yake ni hii. Kompyuta haitumi ujumbe kwa waya mmoja, inautuma kwa waya mbili pamoja. Mmoja ukipanda, mwenzake anashuka kwa kiasi kile kile. Kompyuta inayopokea haisomi waya mmoja mmoja. Inasoma tofauti kati ya waya hizo mbili tu.

Fikirini mizani ya sahani mbili. Vumbi likianguka sawa juu ya sahani zote mbili, mizani haisogei. Inayosogeza mizani ni tofauti. Basi kelele ikiingia sawasawa katika waya zote mbili, ni kama haikuingia kabisa, maana tofauti imebaki ile ile.

Lakini ili iingie sawa, lazima waya zote mbili ziwe karibu sawa na chanzo cha kelele. Waya zikilala bila kusokotwa, ule ulio upande wa mashine utapata kelele nyingi kuliko mwenzake, na hesabu inaharibika. Ndiyo sababu ya msokoto. Mabinti wawili wakitembea kando ya barabara ya vumbi, mmoja akakaa upande wa magari njia nzima, huyo atafika nyumbani mwekundu. Wakibadilishana nafasi kila hatua chache, watafika na vumbi sawa. Waya zilizosokotwa zinafanya hivyo, zinabadilishana nafasi mara nyingi katika kila metri.

Ukitazama vizuri utaona jambo lingine: jozi nne hazikusokotwa kwa kipimo kimoja. Moja imekazwa zaidi, nyingine imelegea kidogo. Si uzembe wa kiwanda. Kama zote zingekuwa na msokoto mmoja, waya fulani wa jozi hii ungekuwa unamgusa jirani yule yule njia nzima, na jozi zingesikilizana maneno. Zikitofautiana, kelele ya jozi moja inagawanyika sawa katika nyingine, nayo inafutika.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alipewa hati ya uvumbuzi Marekani kwa ajili ya kusokota waya za simu mbili mbili. Kompyuta zilikuja kulitumia baadaye sana. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na wenzake wa kampuni ya Xerox huko California walianza kuunganisha kompyuta kwa mtindo uitwao Ethernet, lakini walitumia kable nene ya namna nyingine, ngumu kukunja. Mwaka 1990 ndipo kanuni ya kutumia jozi zilizosokotwa, nyepesi kama za simu, ilipokubaliwa rasmi. Tangu hapo kable hii imeingia ofisini, benki, hospitali na masomoni duniani kote.

Rangi si mapambo

Mwisho wa kable kuna kichwa kidogo cha plastiki chenye meno nane. Kila jino linapokea waya mmoja, na mpangilio una kanuni. Unaotumika sana ni huu, ukishika kichwa ulimi wake ukitazama chini, ukihesabu kutoka kushoto:

1. nyeupe-machungwa
2. machungwa
3. nyeupe-kijani
4. bluu
5. nyeupe-bluu
6. kijani
7. nyeupe-kahawia
8. kahawia

Angalieni namba 3 na namba 6. Jozi ya kijani imetenganishwa, na jozi ya bluu imeingia katikati yake. Mtu asiyejua anaona ni kosa, anataka kulisahihisha. Sababu ni ya zamani: nafasi mbili za katikati zilikuwa za waya za simu, na wenye kuweka kanuni waliziheshimu.

Kuna masomo fulani, jina ninaliacha, ambayo yaliwekewa kompyuta kwa mchango wa wazazi. Fundi alipanga rangi vizuri kwa macho: machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, pande zote mbili za kable. Akaweka kipima waya chenye taa, taa nane zikawaka moja baada ya nyingine. Akalipwa, akaenda. Kuanzia siku ya kwanza kompyuta zilikuwa zinakokota, zinaunganika na kukatika. Fundi aliyeitwa tena akasema kompyuta ni za zamani, zinunuliwe mpya. Kidogo wazazi wakubali.

Kompyuta hazikuwa na ubaya. Kompyuta inatumia jino la 3 na la 6 kama jozi moja. Kwa mpangilio ule wa fundi, jino la 3 lilipata nyeupe-kijani na jino la 6 likapata bluu: waya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Kila mmoja alikuwa anabadilishana nafasi na mtu mwingine. Taa za kipimo ziliwaka kwa sababu umeme ulipita kutoka mwisho hadi mwisho, lakini kipima cha taa hakijui nani amesokotwa na nani. Fundi wa pili alikata vichwa, akapanga rangi kwa kanuni, na kompyuta zile zile zikafanya kazi. Vichwa vipya ni bei ya maandazi. Kompyuta mpya zingemaliza likelemba ya mwaka.

Kwa hiyo fundi akimaliza, usiridhike na taa. Tazama kichwa chenyewe, plastiki yake inaonyesha rangi ndani. Soma ukitumia orodha ya hapo juu. Tazama pia kama amefungua msokoto mrefu kabla ya kuingiza waya. Kanuni inaruhusu kama milimetri 13 tu, upana wa kidole. Aliyefungua sentimetri tano ameacha mlango wazi kwa kelele.

Shaba yetu, na aluminiamu iliyovaa shaba

Sasa chuma chenyewe. Bamama wa Lubumbashi hatuna haja ya kufundishwa shaba. Wazee wa nchi hii waliiyeyusha na kuifinyanga misalaba ya kununulia vitu, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha mwaka 1911. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa uchafu wa tanuru vinaonekana hadi leo. Mwaka 2023 Kongo ilikuwa kati ya nchi mbili tatu za kwanza duniani kwa kuchimba shaba. Na shaba inatoka hapa kwenda ng'ambo ikiwa mabamba, kisha inarudi kwetu ikiwa waya ndani ya sanduku, na bei ya mtu mwingine juu yake.

Ubaya ni kwamba si kila sanduku lina shaba. Kuna viwanda vinavyotengeneza waya wa aluminiamu na kuupaka shaba juu, nyembamba kama rangi ya kucha. Kwa macho ni nyekundu. Kwa ndani ni nyeupe. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kama asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Inakatika haraka ikikunjwa mara chache. Na pale kable inapobeba pia umeme wa kulisha kamera au antena ya juu ya paa, inapata joto zaidi. Kanuni za kable za mtandao zinadai shaba tupu. Sanduku la aluminiamu iliyopakwa, hata likiandikwa "Cat 5e" au "Cat 6" kwa herufi kubwa, halistahili jina hilo.

Majina hayo ni madaraja. Cat 5e inatosha kwa chumba cha kikundi: inapitisha gigabiti moja kwa sekunde hadi metri 100. Cat 6 ina msokoto uliokazwa zaidi na inavumilia kelele vizuri zaidi. Ukiwa na makuta kidogo, Cat 5e ya shaba halisi ni bora kuliko Cat 6 ya aluminiamu.

Kabla ya kutoa makuta

Mama prezidenti wa kikundi au mweka hazina afanye haya dukani, mbele ya muuzaji:

Kwanza, soma maandishi juu ya ngozi ya kable. Ukikuta herufi CCA, ni aluminiamu iliyovaa shaba. Wengine hawaandiki, kwa hiyo usiishie hapo.

Pili, kwaruza. Toa waya mmoja, kwaruza chuma kwa kisu kikali. Shaba ni nyekundu hadi moyoni. Ikitokea nyeupe kama sufuria, rudisha.

Tatu, kunja. Waya wa shaba unakunjwa na kunyooshwa mara nyingi kabla ya kukatika. Wa aluminiamu unakatika upesi.

Nne, pima uzito. Sanduku la metri 305 la Cat 5e lina zaidi ya kilo 4 za shaba ndani yake. Aluminiamu ni nyepesi sana, kwa hiyo sanduku la uongo linapungukiwa zaidi ya kilo 2. Mizani ya muuza unga inatosha. Weka masanduku mawili ya aina mbili, moja baada ya lingine, uone.

Tano, hesabu urefu. Kwenye ngozi kuna namba zinazofuatana kwa kila metri. Namba ya mwanzo na ya mwisho zitakuambia kama sanduku ni zima au limeshapunguzwa.

Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekataza kukwaruza ameshajibu swali.

Mahali pa kuipitisha

Kable nzuri ikipitishwa vibaya inageuka mbaya. Toka kompyuta hadi swichi isizidi metri 100. Isifungwe pamoja na waya wa umeme katika bomba moja. Iache nafasi ya shibiri, na ikibidi kuvukana, zivukane kama msalaba. Isipigwe misumari, isibanwe na mlango, isikunjwe kona kali kama karatasi, maana kila mahali pa kubanwa msokoto unaharibika.

Jambo la maisha na mauti: msivute kable hii hewani kutoka nyumba hadi nyumba, wala kutoka lupango hadi lupango la jirani. Tunajua mvua zetu, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3, na radi zake. Radi haihitaji kupiga kable. Ikipiga karibu tu, waya mrefu wa shaba ulio nje unapokea nguvu ya kutosha kuunguza swichi na kompyuta zote, na mtu aliyeshika mashine yuko hatarini. Kama lazima kuunganisha nyumba mbili, kuna nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme, au antena. Na mawingu yakianza kuwa meusi, chomoa umeme na kable pia, kabla dhoruba haijafika. Ikishafika, usiguse.

Moshi wa waya

Siwezi kuandika juu ya shaba bila kusema hili. Watoto wanaokota vipande vya kable, wanavichoma nyuma ya nyumba ili ngozi iishe, shaba iuzwe kwa kilo. Tumeona moshi huo mweusi. Ngozi ya kable nyingi ni plastiki ya PVC. Ikiungua inatoa hewa yenye asidi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu zinazokaa mwilini na udongoni muda mrefu. Usiruhusu waya uchomwe ndani ya mbabula unayopikia bukari, hata mara moja. Mtoto akileta shaba, muulize imetoka wapi. Ikiwa imekatwa kwenye nguzo, kuna mtaa mzima umelala gizani na kuna mtoto aliyenusurika kufa. Vipande halali vinamenywa kwa kisu, bila moto.

Na mabinti zetu?

Wengi wakisikia "fundi wa mtandao" wanafikiri mvulana. Tazameni kazi yenyewe: vidole vyepesi, macho ya kutofautisha rangi, uvumilivu wa kupanga nyuzi nane nyembamba bila kuruka hata moja. Binti anayesuka nywele kwa saa nne ameshafanya nusu ya mazoezi. Vifaa vya kuanzia ni vitatu: koleo ya kubania vichwa, kipima waya na kisu. Kable ya mazoezi inaweza kuwa metri mbili, inakatwa na kufungwa tena hadi iishe.

Kikundi kinachofungua chumba cha kompyuta kimwekee fundi sharti moja: afanye kazi huku mabinti wawili wa kikundi wakitazama, na vichwa vya mwisho wavifunge wao. Siku kable moja itakapokatika, na itakatika, hamtangoja fundi atoke mjini na kudai makuta ya safari. Na duka la jirani likihitaji kazi hiyo hiyo, litawaita wao.

Kazi ya nyumbani ya juma hili: tafuteni kipande cha kable ya zamani, kikundi kikae pamoja, mkifungue. Hesabuni mizunguko ya kila jozi katika sentimetri kumi, muone ipi imekazwa kuliko zote. Kisha kwaruzeni. Kama ni nyekundu hadi moyoni au ni nyeupe, leteni jibu mkutano ujao, na jina la aina iliyoandikwa juu ya ngozi. Tutaandika orodha yetu wenyewe, iwasaidie wengine wanaojiandaa kununua.

Mbaki salama, pamoja na watoto.